Nishani ya Pa'i na Medali za Bati

Costa Jhú, 28 Agosti 1932

Kwako Pa'i Eleuterio, mdogo wangu,

Nakuita Pa'i kwa sababu mama jirani, Ña Deolinda, amekaa hapa ubavuni ananisimamia kalamu, na kumwita padri wa kijiji kwa jina la utotoni mbele za watu ni kukosa adabu. Akiondoka utarudi kuwa Lute, yule aliyekuwa akiiba mayai ya kuku wangu, na akiulizwa anajibu "sijui" huku kiini cha yai kinamchuruzika kidevuni.

Tangu muondoke na mikokoteni ya ng'ombe kwenda kupigana na Wabolivia, wewe na wavulana wetu ishirini na watatu, kijiji kimenyamaza mpaka mbwa wanashangaa. Muhogo unaozea ardhini kwa kukosa wa kuung'oa. Ña Deolinda anasema uwaangalie pacha wake. Bruno asile maharage yaliyopoa, yanamsumbua tumbo, na Bonifacio asimwachie Bruno blanketi lote kama afanyavyo nyumbani. Nimemwambia kule ni vitani, si kwa shangazi. Amenikodolea macho, basi nimeandika.

Sasa ametoka. Lute, nisikilize vizuri.

Zile medali za Bikira wa Caacupé ulizozibariki uwanjani, mimi ndiye niliyezishona kwenye mashati yao, upande wa moyo, kwa uzi mwekundu, mishono tisa kila moja. Nilipomvalisha Fulgencio shati lake alijigonga kifua akaniambia, "Mama, sasa hata risasi za bombomu hazipiti hapa." Nikacheka, nikadhani utani. Kesho yake nikawasikia wenzake kisimani wakisema hivyohivyo, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Mimi nilikuwepo uwanjani. Wewe ulisema Bikira atawafunika kwa joho lake. Hukutaja risasi. Lakini hukusema pia kwamba joho hilo halizuii risasi. Waketishe chini, uwaambie. Fulgencio ni mwanangu wa kwanza na baba yake hayupo duniani, na huyu mdogo, Taní, kila siku ananiambia atatoroka awafuate. Sitaki mtoto wangu aingie vitani akijiona ana kifua cha chuma.

Mungu akubariki, na mimi nakubariki kwa mikono iliyokulea.

Dada yako,
Librada


Kambini, karibu na Palo Seco, 6 Septemba 1932

Dada Librada,

Naomba baraka yako.

Huku hakuna mto, hakuna kijito, hata umande hakuna. Ni miiba, vumbi, na tena miiba. Maji yanakuja kwa lori kutoka mbali, na lori likichelewa watu wanachimba mizizi wanaitafuna. Jana askari wawili wa kikosi kingine walichomana visu kwa ajili ya chupa moja, na maji yenyewe yakamwagika. Niliwapaka mafuta matakatifu wote wawili kwenye tope lilelile.

Fulgencio ni mzima. Amekonda kidogo, anacheka sana, ananiita "Mjomba Kapteni" na kunipigia saluti kwa mguu mtupu. Mwambie Ña Deolinda kwamba maharage hapa hayapoi, kwa sababu hayafiki.

Nilifanya ulivyoniagiza. Niliwakusanya vijana wetu nikaanza, "Wanangu, medali ni ukumbusho, si ngao." Sikufika mbali. Meja Orué alinishika kiwiko akanivuta pembeni.

"Pa'i," akaniambia, "hawa hawana viatu. Hawana kofia za chuma. Bunduki moja watu wawili. Wana hilo bati tu. Na wewe unataka kuwavua?"

Nikamwambia wanaamini uongo.

"Uliwaambia wewe?"

"Hapana."

"Basi nyamaza. Kunyamaza siyo kudanganya. Baada ya siku chache nitawahitaji watembee."

Nikanyamaza, dada. Niliporudi kwao Bonifacio aliniuliza, "Pa'i, ulikuwa unasema nini?" Nikamjibu nilikuwa nasema tusali. Tukasali.

Usinikasirikie. Huyu Meja ana vita kumi na mimi sijapigana hata mara moja.

Mdogo wako,
Eleuterio


Kambini, 15 Septemba 1932

Dada,

Naomba baraka. Tulipigana. Tumeteka handaki lao la kwanza. Wapo majeruhi. Fulgencio hayuko nami, wamesogezwa mbele. Barua zinachelewa, msihangaike. Mimi ni mzima.

Eleuterio


Costa Jhú, 4 Oktoba 1932

Lute,

Nimepata mistari yako. Nimeihesabu.

Jumapili mkuu wa wilaya alikuja na gazeti. Amepiga fataki kumi na mbili uwanjani mpaka ng'ombe wa Ña Petrona wakavunja ua. Padri wetu amepewa nishani! Padri wetu alitambaa kwa saa tisa chini ya risasi! Picha yako ipo, una ndevu, huna mashavu. Watu walinipongeza kana kwamba nimekuzaa. Ña Deolinda alinikumbatia akaniuliza sikioni, "Na wanangu, gazeti limesema nini?" Gazeti halijasema kitu.

Sasa wamama wote wanakuja kwangu. Kila mmoja na karatasi yake, niandike. Hakuna hata mvulana mmoja kati ya ishirini na watatu aliyejibu. Mmoja asijibu, sawa, mvivu. Wawili, sawa. Ishirini na watatu?

Nakujua wewe. Ukisema kweli unaongea mpaka mtu anasinzia. Ukiwa na kiini cha yai kidevuni unajibu kwa maneno matano. "Wamesogezwa mbele." Mbele wapi? Mbele ya nini?

Hapa mtu akifa tunamsalia siku tisa, tena tangu siku aliyokufa, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kuzihesabu. Na msalaba wake tunauvalisha kitambaa cheupe alichokishona mama yake. Kama mwanangu amekufa basi wiki tatu zote hizi nimekaa nakula, nacheka na majirani, sijamwombea hata siku moja. Unanielewa unachonifanyia?

Nijibu neno moja. Fulgencio yu hai?

Librada


Kambini, 19 Oktoba 1932

Dada yangu,

Hapana.

Alikufa tarehe tisa Septemba, mchana, jua likiwa bado juu. Hesabu kutoka hapo.

Wamekufa kumi na tisa, na wanne waliobaki ni majeruhi wasioweza hata kuandika. Nakuandikia majina yao nyuma ya karatasi hii. Bruno na Bonifacio wote wawili wamo. Sijui nani atamwambia mama yao, na najua kwamba utakuwa wewe, na kwa hilo peke yake sistahili kuitwa ndugu yako.

Umetaka kweli. Nakupa yote, maana nikipunguza utajua.

Mbele ya ngome ya Palo Seco Wabolivia wamefyeka miti hatua mia tatu, majani mafupi tu, na mwisho wa majani kuna seng'enge, na nyuma ya seng'enge kuna bombomu nne. Saa tatu asubuhi wakapuliza tarumbeta. Vikosi vingine vilikimbia vimeinama, wanaanguka, wanainuka, wanajitupa kwenye mashimo. Wetu hawakuinama. Vijana wa Costa Jhú walifungua vifungo vya mashati ili medali zionekane, wakashika mapanga, wakatembea wima. Walikuwa wanaimba wimbo wa maandamano ya Bikira, ule wa Desemba. Nikawapigia kelele, "Laleni! Laleni chini!" Walinisikia. Fulgencio aligeuka akanipungia mkono.

Bombomu iliwapitia kiunoni kutoka kushoto kwenda kulia, kisha ikarudi. Bruno alikosa taya. Bonifacio alikatwa miguu yote miwili juu ya magoti, akaendelea kutambaa kwa viwiko, tena kuelekea mbele, akipiga kelele kwamba hajaguswa, hajaguswa. Mtoto wa Ña Petrona alikuwa amekaa, ameshika matumbo yake mapajani, anajaribu kuyapangusa mchanga. Wabolivia waliwapiga na waliokuwa chini. Walikuwa wanawaogopa, dada. Hata mimi ningeogopa watu wanaokuja hivyo.

Nikatoka kwenda kwao. Nilitambaa tangu asubuhi ile mpaka jua lilipozama. Vidole vyangu vilijaa damu hata mafuta matakatifu yakawa hayashiki kwenye paji la uso, ikabidi nifute kwanza kwa kanzu. Kila mmoja aliomba maji. Sikuwa na maji. Nilikuwa na kichupa cha mafuta.

Fulgencio alipigwa tumboni. Nilimkuta saa saba. Aliyoniungamia nimeyafunga, sitayasema hata kwako. Lakini kabla ya kuungama alisema hivi: "Mjomba, mama alishona vizuri. Mishono tisa, nimeihesabu. Basi kosa ni langu. Kuna kitu nilifanya Bikira akakasirika. Mwambie mama uzi haukuwa na kosa."

Hapo ndipo ilinipasa kusema: Si wewe, mwanangu, ni mimi. Sikusema. Nilimwambia, "Bikira anakupenda," nikamfumba macho baada ya nusu saa.

Siku nne baadaye jenerali akanibandika nishani. Hati inasema nilitambaa kwa saa tisa chini ya risasi bila kujali nafsi yangu. Nataka ujue kwa nini nilitambaa. Nilitambaa kwa sababu nilijua medali haizuii risasi. Wao hawakujua, wakasimama. Mimi nilijua, nikalala chini. Tofauti yetu ni hiyo tu, na kwa tofauti hiyo nina kipande cha fedha kifuani, nao wana mchanga mdomoni.

Shati lake nimelihifadhi.

Eleuterio


Costa Jhú, 2 Novemba 1932, Siku ya Marehemu

Eleuterio,

Nimewaambia wote. Nyumba kumi na tisa, kwa miguu yangu. Ña Deolinda hakulia. Aliingia ndani akatoa mablanketi mawili, akayaanika juani, akakaa chini yake mpaka jioni. Hajasema neno mpaka leo.

Sikuwaambia habari ya medali. Nilisema wamekufa vizuri. Nimekula uongo wako na mimi, unaona?

Nimelala na uzi ule mwekundu uliobaki mkononi siku tisa. Mtoto wangu amekufa akiuliza kosa lake ni nini. Angekufa kwa risasi tu, ningesema ni vita, wako wengi. Lakini amekufa akijilaumu, na kulikuwa na mtu mzima pembeni yake aliyejua kosa ni la nani, akaufyata. Nilikubeba mgongoni mama yetu alipokufa, nilikutafunia chakula. Leo nikiliona jina lako nataka kutapika.

Sasa fungua masikio. Wameita vijana wengine. Kumi na watano kutoka hapa, na Taní yumo. Hajatimiza hata miaka kumi na minane, wamemwandika hivyohivyo. Na mkuu wa wilaya ameleta kanisani sanduku zima la medali za bati. Wanakuleta wewe uzibariki tarehe nane Desemba, sikukuu ya Bikira, umevaa nishani yako, mbele ya watu wote. Kisha unaondoka nao.

Wamama wameshaniletea mashati. Wanataka mishono tisa.

Nimebakiwa na mmoja, Eleuterio. Njoo useme kwa mdomo wako mwenyewe, pale uwanjani, uliponyamaza. Ukisema, nitakuita ndugu yangu. Usiposema nitasema mimi, na nitakuvua kanzu mbele ya wilaya nzima, haki ya Mungu.

Librada


Costa Jhú, 14 Desemba 1932

Lute, ndugu yangu,

Naandika haraka ili barua iwahi meli ya mto, huenda ikakufikia kabla hujapanda treni.

Ulisema. Nilikuwa nimesimama safu ya mbele na mkasi mfukoni, sijui nilitaka kukata nini, lakini ulisema. Ulitoa medali kwenye sanduku ukaikunja kwa vidole viwili mbele ya watu, ukasema, "Tazameni, bati. Kidole changu kinaikunja. Risasi itaifanya nini?" Mkuu wa wilaya akabadilika rangi kama jibini. Ukawaambia kumi na tisa wamekufa kwa sababu ulinyamaza. Nikasema moyoni, amepona mdogo wangu, na Taní wangu amepona.

Kumbe bado.

Ña Deolinda alipokupiga kofi nilidhani ni la hasira. Ulimsikia mwenyewe? "Usiniambie wanangu walikufa kwa bati! Walikufa kwa Bikira! Unataka kuniachia nini?" Tangu siku nilipompa habari hakuwa amefungua mdomo, na akaufungulia hapo. Wamama wengine wote wakawa upande wake. Nami sikuweza kuwalaumu.

Halafu Taní. Mtoto niliyemzaa mimi! Akasimama kwenye benchi: "Mjomba, nikuulize. Kwa saa tisa nzima walikupiga risasi?"

Ukasema ndiyo.

"Bombomu nne?"

Ndiyo.

"Na medali yako ulikuwa umevaa?"

Ulikuwa umeivaa. Ile ya marehemu mama, kubwa, hujawahi kuivua tangu komunyo ya kwanza. Ukasema ndiyo. Basi uwanja mzima ukalipuka. "Haya, si umeona! Wengine imani yao ilikuwa haba, Pa'i hata mkwaruzo hana! Mpaka serikali imempa nishani!" Wakaanza kuja kuibusu. Wakaibusu nishani yako, Lute, wakajifuta midomo, wakaenda kwenye sanduku kuchukua za bati. Taní akaniletea shati lake. Nikakataa kushona. Akashona mwenyewe, mishono imekaa kama miguu ya kuku.

Nimekusamehe. Nakuambia wazi ili usiwe na shaka: ulifanya nilichokuomba, umekuwa ndugu yangu tena. Lakini haijasaidia kitu. Mdomo umeshindwa. Unaye mwanangu wa mwisho huko. Tafuta kingine, chochote, mfunge kamba kama mbuzi ikibidi, lakini asitembee wima.

Nakutumia chipa kumi na mbili, zile za unga wa muhogo na jibini, mbili mpe Taní kabla hujazimaliza, nakujua.

Dada yako,
Librada


Kambini, 20 Januari 1933

Dada Librada,

Naomba baraka yako. Safari hii naiomba nimepiga magoti kweli, nimeweka karatasi juu ya sanduku la risasi.

Chipa zilifika mawe. Tulizilowesha kwa maji ya siku nzima, tukala tukakaa na kiu, na hakuna aliyejuta. Taní alikula tatu.

Kila asubuhi nawafundisha kutambaa. Viwiko, magoti, kidevu kwenye mchanga. Wanafanya kwa kuniheshimu tu, kisha wanacheka wanajipangusa. Jana Taní aliniambia, "Haya ni ya watu wasio na imani, Mjomba." Meja Orué ananitazama kwa mbali. Anajua kwamba ndani ya wiki tatu atawahitaji watembee.

Nimefikiri sana ulichoniandikia. Umesema kweli, mdomo umeshindwa. Wao hawanisikilizi mimi, wananitazama mimi. Ninachovaa kina sauti kuliko ninachosema. Kwa hiyo nimeitoa medali ya mama ndani ya kanzu nimeishona nje, upande wa moyo, juu ya nishani. Uzi mwekundu nimeufumua kwenye shati la Fulgencio. Mishono yangu mibaya, ungenicheka.

Usiniulize zaidi. Niombee nisiogope, unajua nilivyo.

Mdogo wako,
Lute


Kambini, 11 Februari 1933

Mama,

Naomba baraka yako. Mimi ni mzima. Nimeandika hivyo kwanza ili usome mengine umekaa.

Mjomba amekufa tarehe saba.

Tulikuwa kwenye handaki, mbele yetu majani, hatua mia mbili mpaka kwenye bombomu yao. Meja alisema tukisikia tarumbeta tunatoka. Sisi kumi na watano tulikuwa tumeshafungua vifungo. Huko mbele, kama hatua themanini, alikuwa amelala Koplo Rolón, alitumwa kuchungulia wakampiga. Alikuwa analia anaita mama yake, utumbo umemtoka, inzi juu yake tunawasikia.

Mjomba akachukua kichupa cha mafuta. Akatupanga ukingoni sote, mmoja mmoja, anatushika kichwa anatugeuza tuangalie mbele. Akasema, "Niliwaambia kwa mdomo mkakataa. Sasa tazameni. Atakayefumba macho si mtoto wangu." Alikuwa anatetemeka, Mama. Meno yalikuwa yanagongana. Meja akamwambia, "Pa'i, tambaa." Akajibu, "Leo hapana, Meja. Leo nina medali."

Akapanda juu akatembea wima.

Alijua kutambaa, Mama. Yeye ndiye aliyetufundisha.

Risasi ya kwanza ilimpata pajani, akapiga goti, akainuka. Ya pili ikamvunja mkono ule wa kubariki, kichupa kikahamia mkono wa kushoto, sijui alikidakaje. Mimi nilikuwa nasema moyoni, sasa Bikira atamfunika, sasa hivi, sasa hivi. Silvino pembeni yangu alikuwa anasema kwa sauti. Hatua ya arobaini bombomu ikamshika kifuani. Haikuwa risasi moja. Ilimshikilia pale amesimama, inampiga, kanzu inaruka vipande, kama mtu anayetikiswa mabega. Halafu ikamwachia.

Hakumfikia Rolón. Rolón alilia mpaka saa sita.

Nikasikia mtu anafunga vifungo. Nikafunga vyangu.

Tarumbeta ilipolia tulitoka kwa matumbo. Viwiko, magoti, kidevu. Meja alipiga kelele, "Inukeni! Inukeni, waoga!" na hakuna aliyeinuka, tukaenda kama mijusi, saa tatu nzima, vinywa vimejaa mchanga. Silvino peke yake alinyanyua kichwa kuangalia tumefika wapi, wakampiga jichoni. Wengine kumi na wanne tumefika. Tuliwaingilia kwenye handaki lao kwa mapanga. Sitaki kukuandikia ya humo ndani. Nimeua watu watatu, mmoja alikuwa mdogo kwangu, alinishika panga kwa mikono mitupu, vidole vikabaki kwangu.

Tuliporudi tulimchukua Mjomba. Nimehesabu matundu kumi na moja. Nishani haikuguswa, inang'aa vilevile. Lakini medali ya Bibi imetobolewa katikati, na kipande cha uzi kimeingia ndani ya tundu. Meja aliitaka. Nikamwambia ni ya mama yangu. Nakutumia.

Mama, sikumbusu mkono asubuhi ile. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kutufundisha kutambaa.

Mwanao,
Taní


Costa Jhú, 3 Machi 1933

Taní, mwanangu,

Mungu akubariki, na mimi nakubariki, na mjomba wako anakubariki, hiyo ya asubuhi ile ameshaisamehe, hakuwa mtu wa kuweka vitu moyoni.

Nimemaliza siku tisa zake. Nimeshona vitambaa vyeupe viwili, cha kaka yako na chake, nimevivalisha msalaba mmoja kwa sababu makaburi yao siyajui. Ña Deolinda alikuja akanisaidia kupinda ncha. Alipomaliza alitoa viwili vingine mfukoni mwake, vya pacha, akaviweka juu ya vyangu. Ndiyo mara ya kwanza amekubali kuwashonea.

Kuna jambo lazima ulijue kutoka kwangu. Mimi ndiye niliyemwandikia kwamba mdomo umeshindwa, atafute kingine. Ni maneno yangu, kwa mwandiko wangu. Nilikuwa nataka wewe uishi na sikuuliza itagharimu nini. Ningeulizwa tena leo sijui ningejibuje, na Mungu anisamehe, nadhani najua.

Jumapili mkuu wa wilaya alikuja na nishani ya pili, kwenye kisanduku cha mahameli. Akasoma hati mbele ya watu: Pa'i Eleuterio, shujaa, ambaye hakuogopa risasi. Nikamkatiza. Nikamwambia, "Mheshimiwa, aliogopa sana. Nimemlea mimi. Alikuwa anaogopa hata bata mzinga." Watu wakacheka, halafu nikaona wanalia, na mimi pia. Kisanduku nimekiweka kabatini chini ya mashuka. Hati nimeanzishia moto wa kupika.

Wameita vijana wengine tisa. Na sanduku la medali bado liko kanisani, limejaa nusu. Wiki iliyopita wavulana walikuja kuchagua, vifua mbele, wanatukanana kwa furaha kama nyinyi mlivyokuwa. Nikatoka na nyundo na msumari. Nikaigongelea medali ya Bibi yako kwenye mlango wa kanisa, kimo cha macho ya mvulana. Sikuhubiri. Nilisema tu, "Hii ilikuwa ya Pa'i. Ndiyo aliyokuwa ameivaa."

Mkubwa wao alisogea akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu. Kidole kikapita mpaka kikagusa ubao. Akakitoa, akakitazama, akampisha mwenzake. Wote tisa.

Halafu wakaniomba niwafundishe kutambaa, jinsi Pa'i alivyowafundisha nyinyi. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili! Nimesoma barua yako tena, nikafunga sketi kiunoni, nikalala kifudifudi uwanjani mbele ya kanisa. Viwiko, magoti, kidevu kwenye mchanga. Ña Deolinda alikuwa anatembea kati yetu na fimbo, na kila aliyenyanyua kichwa alimchapa.

Usinyanyue kichwa, Taní.

Mama yako,
Librada